Pazia Ukutani Pasipo na Dirisha

Nyumba ya Haji Sirry, ghorofa ya tatu,
Ibrahimiyya,
Iskandaria.
21 Desemba 1988

Mpendwa Mjomba Bahgat,

Assalamu alaikum. Natumai karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na mama Nihal na watoto, na kwamba baridi ya jangwani haijakuamshia tena kile kifua chako. Kazini hujambo? Yule msimamizi wenu mpya amepoa, au bado anawakalia shingoni? Sisi huku, kwa upande wa mwili, hatujambo. Goti la mama lilikuwa bovu mwanzoni mwa mwezi, sasa ni afadhali. Fulana ya sufi anayokufumia imefika kwapani, na rangi yake ni ya mchanga kama ulivyoomba.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Niko ofisini, wenzangu wameenda kula, na barua hii ataichukua Fathalla, ndugu wa mwenzangu wa meza ya jirani, anayesafiri kesho kuja huko. Ameniahidi kukupa mkononi. Sikuthubutu kuitia posta, kwa sababu ingekufikia baada ya mwaka mpya na mimi sijui kama tunao muda huo. Nakuomba uisome yote hadi mwisho kabla hujakasirika.

Nianze na la heri. Uliuliza habari za arusi. Samah, mchumba wangu, hajambo na anakusalimu. Tulikuwa tumepanga iwe baada ya Idi, na sisi tukae hapahapa na mama, katika vile vyumba viwili vya mbele. Desturi unaijua: upande wa bwana arusi huleta kuta, upande wa bibi arusi huleta mapazia. Kwa hiyo mwezi wa kumi mama yake Samah, Bi Tahani, alikuja na utepe wake wa kupimia, Samah akimfuata nyuma na vipande vya vitambaa alivyoazima kwa wauzaji wa soko la vitambaa la Zanqat al-Sittat.

Ungekuwepo ungecheka. Samah alitaka vile vibao vyembamba vya alumini vinavyopandishwa kwa kamba, alivyoviona benki. Mama akamwambia, "Binti yangu, hivyo ni vya forodhani. Mume wako atoke ofisini aingie ofisini?" Bi Tahani yeye alitaka mahameli nyekundu yenye matamvua ya dhahabu, na mama, kwa adabu zote, akasema kwamba pale mlangoni bado hajamweka mtu wa kukata tiketi za sinema. Walishindana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: shashi nyeupe kwa ndani, na juu yake pazia zito la rangi ya zabibu, kutoka dari hadi sakafu. Mabawa ya mbao ya nje, yale ya kijani aliyoyaweka babu, hayakujadiliwa. Hakuna mtu katika mtaa wetu anayeweza kuishi bila mabawa ya dirisha, na mwaka huu zaidi, kwa kuwa upande wetu wa mashariki tunachunguliwa na wafanyakazi kutwa nzima.

Hilo la wafanyakazi hujalisikia. Ile nyumba ya bustani ya yule bibi wa Kigiriki iliuzwa, ikabomolewa wakati wa kiangazi, na sasa pale kuna shimo. Wanataka kujenga mnara. Shimo limekwenda chini kuliko nilivyodhani ardhi ya Iskandaria inavyokwenda, na mashine inavuta maji humo bila kupumzika. Mwanzoni watoto wa jengo letu walikuwa wanakaa ukingoni kutazama. Sasa hawaendi, na hakuna aliyewakataza.

Mabawa ya dirisha ndiyo yaliyoanza. Siku chache baada ya Bi Tahani kupima, bawa la chumba cha mama lilikataa kufunga. Tulimwita Fundi Shinnawi, akaliteremsha, akaliranda, akalirudisha, likafunga kama kifuniko cha sanduku. Akasema, "Mbao hunywa bahari, Mama Wagdi. Kila kipupwe nakula kwa ajili hiyo." Ikaja dhoruba ya Maknasa, ile ya mwezi wa kumi na moja, na bawa likakataa tena, na safari hii lilifuatwa na mawili ya sebuleni. Fundi akaranda. Aliporudi mara ya tatu alinionyesha ukingo wa ubao akasema akiendelea kuranda atatuachia njiti ya kiberiti. Mama alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mbao hunywa bahari, kila mtu anajua hivyo, na hakuna anayependa kujua jambo jingine.

Kisha mapazia yakaletwa. Bi Tahani na Samah walikuja nayo yamekunjwa ndani ya shuka safi kama mtoto mchanga, na mimi nilipanda ngazi kuyatundika. Nilipoteremka na kurudi nyuma kuyatazama, hayakuwa yamekaa sawa. Juu, ukingo wa pazia ulikuwa umeshikana na mbao za fremu ya dirisha. Chini, ulikuwa umeachana nazo kwa upana wa vidole vitatu, na mwanga ulikuwa unaingia hapo kama kabari. Upande wa pili, pazia lilikuwa limepanda juu ya ukuta. Lilionekana limeinama.

Mama, ambaye alikuwa bado hajasahau ile mahameli nyekundu, akasema, "Mmetuletea pazia la mlevi."

Bi Tahani hakupandisha sauti. Alisema ameshika mkasi tangu kabla sijazaliwa, na kwamba hakuna kitambaa alichowahi kukikata mshazari. Akaegemea fremu, akatutazama mmoja mmoja. "Labda sakafu yenu ndiyo iliyolewa, Mama Wagdi."

Samah aliguna akaficha kicheko, na mama naye akacheka ili asiwe amekasirika mbele ya wakwe. Chai ikanywewa. Walipoondoka mama alilalamika juu ya mapazia yale hadi Ijumaa: kwamba kitambaa kimekatwa ovyo, kwamba ni dharau, kwamba marehemu baba angeyarudisha mlangoni.

Mjomba, wewe unajua mimi si mtu wa kujitia katika mambo. Lakini kazini kwangu nimezoea kulinganisha karatasi mbili hadi zikubaliane, na lile neno la Bi Tahani lilinikaa. Siku mama alipokwenda sokoni nilipanda ngazi nikabadilisha mapande ya pazia, la kulia nikaliweka kushoto na la kushoto kulia. Kama lilikatwa mshazari, basi sasa lingeinamia upande mwingine. Halikuinamia upande mwingine. Liliinama vilevile, kuelekea shimo. Nikafanya hivyo katika chumba cha pili, nikapata hayohayo. Nikachukua ufunguo wa nyumba, nikaufunga kwa uzi, nikaushikilia mbele ya dirisha hadi ulipotulia. Uzi ulifuatana na pazia. Ukuta ndio uliokwenda zake.

Nilikaa kitini na ule ufunguo mkononi. Nilijaribu kufikiri jinsi ya kumwambia mtu, nikaona kila njia inapita kwa Haji Sirry.

Wewe huhitaji kukumbushwa mwenye nyumba wetu ni mtu gani. Kodi yetu ni ya enzi za babu na sheria haimruhusu kuipandisha wala kututoa, isipokuwa jengo likihukumiwa kuwa bovu. Ndiyo maana alituletea mhandisi wake mwaka ule, aseme ni bovu, na ndiyo maana wapangaji waliungana wakamshinda mahakamani. Tangu siku hiyo jengo letu lina kanuni ambayo haikuandikwa popote: ufa ukitokea, unazibwa kabla ya adhuhuri, na hautajwi ngazini. Anayesema "ufa" anasema kwa kinywa cha Haji. Nimekua ndani ya kanuni hiyo. Nilikuwa mtoto nikimshikia baba ndoo ya plasta.

Nilimwambia mama baada ya chakula. Nilimwonyesha uzi na ufunguo. Aliutazama, kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ukate huo uzi." Hapo ndipo aliponipeleka chumbani kwake, akanisaidia kusogeza kabati, nikaona kwamba alikuwa anajua kuliko mimi. Nyuma ya kabati kulikuwa na ufa uliotoka kwenye kona ya dari ukashuka hadi chini kabisa. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa plasta, na plasta ile ilikuwa imepasuka.

Kisha, Mjomba, ulikuja msimu wa mapazia. Sijui nikueleze vipi. Bawabu alipata habari kwamba kamati ya ukaguzi wa nyumba inapita mtaani kwetu kwa sababu ya lile shimo. Basi wanawake wa jengo zima walishuka Zanqat al-Sittat kama wanaokwenda arusini. Kila nyumba ilikuwa inachagua: yupi achukue kitambaa kizito, yupi aweke bitana, yupi anunue zulia la kutundika. Ustaz Labib wa ghorofa ya nne, mwalimu wako wa zamani, alipita nyumba hadi nyumba akitoa ushauri kama jenerali. Alisema rangi za giza ni bora, kwa kuwa ufa hupenda kitambaa cheupe. Alisema pia watu wasichague mapazia yanayofanana, isije kamati ikadhani ni hospitali. Watu walicheka sana ngazini siku zile. Nilisikia vicheko hivyo kupitia mlangoni, nami sikucheka nao.

Mama alichagua mahameli. Ile nyekundu, ya matamvua. Alisema hakuna kitambaa kingine kilichokuwa kizito vya kutosha. Mimi ndiye niliyepigilia fimbo, chumbani kwake, kwenye ule ukuta wa ufa, ambao haujawahi kuwa na dirisha, na pazia likashuka kutoka dari hadi sakafu mbele ya matofali. Lilikuwa zuri. Ungeingia ungedhani nyuma yake kuna bahari.

Kamati ilikuja baada ya dhoruba ya Kasim, mwanzoni mwa mwezi huu, watu watatu. Wawili walibaki ngazini wakiongea na Ustaz Labib, ambaye alikuwa amevaa suti. Wa tatu, mhandisi kijana wa umri wangu mwenye viatu vilivyolowa, aliingia kwetu. Mama alimpa chai na biskuti za ufuta, akamwuliza kwao ni wapi, akamwombea mke mwema. Kijana alitembea vyumbani akigongagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Sebuleni alipita tu. Alipofika chumbani kwa mama akasimama mbele ya pazia lile.

Akauliza kama kuna dirisha.

"Lilikuwepo, mwanangu," mama akasema. "Tuliliziba. Jirani alikuwa na macho marefu."

Kijana alitabasamu. Alikuwa amechoka, na chai ilikuwa tamu, na nilimwona akigeuka kwenda mlangoni. Mama alinitazama mimi. Hakunikazia macho wala hakunitisha. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanawe ambaye ana hakika naye.

Mkono wangu ndio uliokwenda. Nililivuta pazia hadi mwisho wa fimbo, na pete zikapiga kelele nyingi. Plasta mpya ya Jumatatu ilikuwa imeshapasuka katikati, na ungeweza kuingiza kidole. Kulikuwa na upepo unatoka humo. Nilisema, "Bwana mhandisi, tunakwenda kulia. Kila wiki." Sauti yangu ilikuwa nyembamba nikaionea aibu.

 Mama aliokota bilauri za chai, pamoja na ile ambayo mgeni alikuwa hajaimaliza, akaenda nazo jikoni.

Amri ya kuhama ilibandikwa mlangoni wiki ileile. Nilidhani basi, yamekwisha, watu watakasirika na watahama na watakuwa hai wakinichukia. Nilikuwa nimeshalikubali hilo. Nilichosahau ni kwamba wapangaji wenzetu wanajua njia ya mahakamani kuliko njia ya hospitali. Wakili wao alipeleka pingamizi asubuhi ya pili, kwamba ni hila za mwenye nyumba, na amri ikasimamishwa hadi kesi isikilizwe mwezi wa kwanza. Waliibandua ile karatasi mlangoni kwa shangwe. Mwanamke wa ghorofa ya tano alipiga vigelegele.

Ustaz Labib alinikuta kwenye ngazi. Nilimwamkia, hakuitikia. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, Haji Sirry amenipa nini. Nikasema hajanipa kitu, Ustaz, na kwamba naomba aje nimwonyeshe uzi tu, dakika moja, atazame kwa macho yake. Akasema, "Mwanangu, nilimfundisha mjomba wako, na nilimzika babu yako. Usinifundishe mimi ukuta." Akapanda. Ana ulimi kama bastola yule mzee, lakini niliona kwamba alikuwa anapanda karibu na ukuta wa ndani, mbali na upande wa shimo, kama wanavyopanda wote siku hizi.

Halafu likaja la kuniaibisha kuliko yote. Jumapili Haji Sirry alimtuma mtu na sinia la basbusa, zile keki za sharubati, limefungwa karatasi ya duka kubwa, likipanda ngazi zote hadi kwetu mbele ya macho ya watu. Mleta sinia akasema kwa sauti ya kusikika: "Haji anamsalimu Ustaz Wagdi na anamwambia, mwenye macho haachi kuona." Mama alilipokea, akalishusha mwenyewe kwa lile goti lake, akaliweka chini mlangoni pa jengo, akarudi. Lilikaa pale siku nzima na hata watoto hawakuligusa. Tangu hapo hakuna anayenisalimu. Muuza maharage wa pale chini ananipa chakula, lakini hanitazami.

Sikulalamikii hayo. Naogopa, Mjomba, na sioni haya kukuandikia neno hilo. Dhoruba ya Faida Ndogo ilianza juzi na shimo limejaa maji ya mvua. Mabawa ya dirisha ya chumba cha mama, ambayo mwanzo yalikataa kufunga, sasa yamekataa kufunguka. Yamebanwa, na chumba kile ni giza saa sita mchana. Mlango wa choo tunauacha wazi na kuimba tukiwa ndani, kwa kuwa ulimfungia mama mara moja na ilibidi niuvunje. Sebuleni, lile pazia la zabibu limeachana na fremu kwa kiganja kizima. Mama amepachika pini kulivuta lifuate ukuta. Kila asubuhi nakuta pini imetoboa kitambaa na pazia limerudi kunyooka.

Usiniambie nimtoe kwa nguvu. Nimejaribu kuomba, nimelia mbele yake. Bi Tahani, Mungu amlipe, alisahau maneno yote ya mlevi akaja mwenyewe kutuambia kwamba kwake, mtaa wa Muharram Bey, kuna chumba, ni nyumba ya chini, na tukae hata mwaka. Mama alimshukuru, akamsifia ushonaji, akamkatalia. Nikamwuliza mama, tulipobaki wawili, nini kinachomweka pale. Nilidhani atanitajia babu, au vyombo, au Haji. Alinijibu hivi, na nakuandikia neno kwa neno:

"Bahgat alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, Inshirah, usilale nje hata usiku mmoja. Yeye ndiye mkubwa wangu. Siku atakaposema vingine, nitavaa viatu."

Najua kwa nini ulimwambia hivyo. Nilikuwepo, nilikuwa nimekushikia sanduku. Ilikuwa mwaka ule mjane wa ghorofa ya pili alipokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, akarudi akakuta kufuli jipya na vitu vyake uani. Neno lako lilikuwa la haki, na lilituweka na paa miaka yote hii. Kama usingemwambia, Haji angetutoa zamani. Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu amri ya serikali imeshindwa kumtoa, na machozi yangu yameshindwa, na limebaki neno moja tu linaloweza, nalo ni lako.

Tena si yeye peke yake. Jina lake ndilo la kwanza katika kesi, na ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote. Mke wa bawabu ameninong'oneza kwamba wa ghorofa ya tano wameshafunga mizigo yao na kuiweka chini ya vitanda, wana watoto watatu, lakini hawathubutu kuwa wa kwanza. Wanasema, Mama Wagdi akitoka na mto wake, tutajua ni kweli. Kwa hiyo wao wanamtazama mama, na mama anakutazama wewe, na wewe uko mbali, huoni.

Utaniuliza mimi mbona bado nalala humo. Silali sana. Lakini siwezi kwenda kulala Muharram Bey nimwache. Samah aliniambia nisipotoka atavunja uchumba, kisha akalia akasema hakumaanisha. Sijui alimaanisha lipi.

Sasa ombi langu. Nimemwambia mama uongo mmoja. Nimemwambia nimepata salamu kwamba utapiga simu Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwa Bi Tahani, kwa kuwa sisi hatuna simu, na kwamba una jambo la kumwambia mwenyewe. Uso wake ulifunguka, Mjomba. Amekubali kwenda. Kwa ajili ya sauti yako tu, alisema, na atarudi kabla ya magharibi. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa tarakimu kubwa.

Ukipiga, mwambie atoke. Usimweleze shimo wala ukuta, atakujibu. Mwambie tu kwamba ulilolisema pale mlangoni umelirudisha.

Na labda ulimi wako utakuwa mzito. Kama ukishika simu utaona huwezi kumwambia dada yako aiache nyumba ya baba yenu mikononi mwa Haji Sirry, hilo nalielewa, na sitakukosea heshima kwa ajili yake. Lakini basi nakuomba usipige kabisa. Usipige Jumamosi, wala Jumapili, wala siku za mbele. Hatainuka kando ya simu ile akijua kwamba bado hujapiga. Atakataa kula, atadhani umepatwa na jambo, atanilaani mimi na Fathalla na mitambo ya simu. Najua ni ukatili kumfanyia mama. Lakini atakuwa amekaa Muharram Bey, nyumba ya chini, na Bi Tahani ameshatandika kitanda.

Msalimie sana mama Nihal, na Nihal mwenyewe, na Adham, mwambie stempu zake nimezitenga. Wasalimie pia kina Abu Rida wa kwetu Ibrahimiyya walioko huko, ila usiwaambie haya, wana mama yao ghorofa ya sita ya jengo letu. Au uwaambie, wewe utajua zaidi. Mungu akulinde, akulindie walio chini ya paa lako, na akutangulie katika neno utakalochagua.

Ni mimi, mwana wa dada yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Wagdi